Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufuatilia mzunguko wa damu wa mtoto mchanga mahututi ili kuugundua mshtuko mapema

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na madaktari wa wodi za watoto wachanga, hasa katika hospitali za wilaya na mkoa ambako muuguzi mmoja wa zamu ya usiku huangalia watoto wengi na monita ni moja au mbili. Dozi zilizotajwa ni zile zinazotumika kwa kawaida. Kama hospitali yako ina mwongozo wake, fuata huo.

Mshtuko kwa mtoto mchanga maana yake nini?

Ni hali ambayo damu inayofika kwenye viungo haitoshi kuvipa oksijeni na sukari vinavyohitaji. Seli zilizokosa oksijeni huunguza sukari kwa njia ya dharura, lakteti inayotokana na njia hiyo hujikusanya, damu inakuwa na asidi, na viungo huanza kulegea: figo na utumbo kwanza, kisha ini, moyo na ubongo.

Presha haimo kwenye maana hiyo, wala haikusahaulika. Mtoto anaweza kuwa kwenye mshtuko huku presha yake ikisomeka vizuri kwenye monita. Na njiti wa wiki 28 anaweza kuwa na presha ya wastani ya 27, lakini miguu yake ina joto, anakojoa vizuri na lakteti iko chini. Huyo anahitaji kuangaliwa kwa karibu, ila kumjaza maji ili namba ipendeze ni kumtafutia balaa.

Kwa nini presha hushuka mwisho?

Moyo wa mtoto mchanga una nyuzi chache za kusinyaa, kwa hiyo hauwezi kuongeza sana kiasi cha damu unachosukuma kwa pigo moja. Njia iliyobaki ni kupiga haraka zaidi. Wakati huohuo mwili hubana mishipa ya ngozi, figo na utumbo ili damu iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Mishipa ikibanwa, presha hushikilia palepale ingawa damu inayozunguka imeshapungua.

Ndiyo maana dalili huja kwa mpangilio unaofanana kwa watoto wengi: mapigo yanapanda na kukaa juu, miguu inapoa, ngozi inachelewa kurudisha rangi, mkojo unapungua, mtoto ananyonya kidogo au maziwa yanabaki tumboni, analegea. Lakteti inapanda. Presha inashuka baada ya hayo yote, na mapigo kupungua chini ya 100 pamoja na kuacha kupumua kwa vipindi ni dalili kwamba umechelewa sana.

Kuna kundi moja linalovunja mpangilio huo. Baadhi ya watoto wenye maambukizi ya damu mishipa yao hulegea badala ya kubana. Miguu ni ya moto, mapigo yanadunda kwa nguvu, rangi ya ngozi inarudi chini ya sekunde 1, na presha ya chini (diastoli) ndiyo inayoporomoka mapema. Ukisoma 58/18, usifurahie ile 58.

Ni watoto gani wafuatiliwe kwa karibu zaidi?

Aliyezaliwa amechoka (aliyekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa) na kuhitaji kusaidiwa kupumua kwa ambu, yaani mfuko wa kupuliza hewa kwa mkono. Njiti chini ya kilo 1.5, mtoto wa mama aliyevuja damu kabla ya kujifungua, kondo likinyofoka au likiwa limetangulia, aliyevutwa kwa vakyumu, mwenye homa au joto la chini lisiloelezeka, mtoto wa mama aliyekaa na chupa ya uzazi iliyopasuka zaidi ya saa 18, mwenye tumbo lililovimba, na yeyote anayebadilika ghafla kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya kuwa mzima. Huyo wa mwisho tutamrudia, kwa sababu moyo wake ndio unaosahauliwa.

Nipime nini, na kila baada ya muda gani?

Mapigo ya moyo, muda wa ngozi kurudisha rangi, joto la miguu ukilinganisha na tumbo, nguvu ya mapigo kwenye kiwiko na kinena, upumuaji, oksijeni, uchangamfu, mkojo, ini na presha. Ukizoea, vyote isipokuwa mkojo na presha havizidi dakika 4.

Mtoto aliye kwenye hatari lakini ametulia, kila saa 3, sambamba na kulishwa. Mwenye dalili moja isiyo ya kawaida, kila saa. Anayetibiwa mshtuko, kila dakika 15 hadi atulie, halafu kila dakika 30, halafu kila saa. Andika saa kamili pembeni ya kila namba. Neno “stable” lisilo na namba halimsaidii anayepokea zamu.

Dalili moja peke yake mara nyingi haina maana kubwa. Mapigo 170 yanaweza kuwa kilio, maumivu, homa (kila nyuzijoto 1 huongeza mapigo kama 10), au aminofilini anayopewa njiti ili asiache kupumua. Lakini mapigo 170 yaliyokuwa 140 saa tatu zilizopita, mtoto akiwa amelala, pamoja na miguu ya baridi, ni jambo jingine. Unatafuta dalili mbili au zaidi zinazoelekea upande mmoja.

Tahadhari kwa hospitali zinazopoza watoto waliozaliwa wamechoka hadi nyuzi 33–34: huko mapigo 80–110 ni ya kawaida. Mtoto aliyepozwa akiwa na 140, huo ni mwendo wa kasi, usiuandike kuwa wa kawaida.

Muda wa ngozi kurudisha rangi unapimwaje kwa usahihi?

Tumia mfupa wa kidari, katikati ya kifua, au paji la uso. Vidole na visigino hupoa haraka hata kwa mtoto mzima. Bonyeza kwa kidole kimoja kwa sekunde 5 kamili, nguvu ya kutosha kupausha ngozi bila kuacha alama ya kucha. Achia, kisha hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde hadi rangi irudi sawa na pembeni. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Kubonyeza sekunde 1 au 2 tu hutoa jibu fupi la uongo. Kuhesabu kichwani unapokuwa na haraka kunageuza sekunde 4 kuwa 2. Kupima mguuni leo na kifuani kesho, kisha kulinganisha, hakuna maana. Mtoto mwenye joto la 35.4 atakuwa na ngozi inayochelewa kwa sababu ya baridi. Mpashe joto na upime tena, ila usisubiri joto lirudi ndipo utafute dalili nyingine, kwa sababu mshtuko wenyewe humpoza mtoto. Taa ya bluu ya kutibu manjano izimwe kwa dakika moja unapopima, maana chini yake rangi ya ngozi haionekani.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi nitaonaje rangi ikirudi?

Maelezo mengi ya vitabuni yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Mabaka ya marumaru kwenye mapaja, yanayosifiwa sana humo, mara nyingi hayaonekani kwa watoto wetu baada ya siku chache za mwanzo. Pima kifuani kwenye mwanga mzuri wa pembeni. Kama huoni, tumia unyayo au kiganja na uandike mahali ulipopima. Weupe na ubluu vitafute kwenye ulimi, fizi na ndani ya mdomo.

Kumbuka pia kwamba oksimita (kifaa cha kupima oksijeni kwa sensa ya ngozini) huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi. Mtoto anayesoma 91% huku akiguna na ulimi umefifia, amini ulimi.

Kupima joto la miguu kwa mkono kuna maana gani wakati kipimajoto kipo?

Kipimajoto cha kwapani kinakwambia joto la kiwiliwili, ambalo mwili hulinda hadi mwisho. Tofauti kati ya tumbo na unyayo ndiyo inayoonyesha mishipa ikibanwa. Gusa tumbo kwa mgongo wa kiganja, kisha unyayo. Ukiwa na sensa mbili, tofauti inayozidi nyuzi 2 ni ya kutia shaka.

Fuata baridi imepanda hadi wapi: miguu tu, kifundo cha mguu, au hadi goti? Baridi iliyopanda kutoka kifundo hadi goti ndani ya saa mbili inaeleza mengi kuliko presha iliyoshuka kutoka 44 hadi 41. Kama tumbo nalo ni baridi, kwanza huyo amepoa: kofia, soksi, ngozi kwa ngozi au hita, kisha upime tena.

Presha nipime vipi, na namba ipi nitegemee?

Mkanda ndio chanzo cha makosa mengi. Upana wake uwe kati ya 40% na 50% ya mzingo wa mkono. Mdogo husoma juu, mkubwa husoma chini. Mikanda ya wachanga huwa na namba 1 hadi 5, na namba 1 ni ya mzingo wa sm 3–6. Pima mkono kwa utepe siku ya kwanza na uandike namba ya mkanda kwenye chati, ili zamu ijayo isichukue ule ulio karibu. Mkono wa kulia, mtoto ametulia, mara tatu kwa kupishana dakika 2. Tupa jibu la kwanza na uchukue wastani wa mawili.

Soma presha ya wastani. Mashine ikikupa mbili tu, chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti: 52/24 inakuwa 24 + 9, yaani kama 33. Kwa siku ya kwanza hutumika kanuni kwamba presha ya wastani isipungue idadi ya wiki za ujauzito. Ni kanuni ya kukumbukwa kirahisi, haina nguvu zaidi ya hapo; itumie kama kengele ya kukufanya urudi kitandani kuangalia dalili nyingine. Mchanga aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi tisa ya ujauzito kwa kawaida huwa na wastani wa 40 na kuendelea.

Mashine za mkanda zina tabia ya kusoma juu pale presha inapokuwa chini kweli, hasa kwa njiti wadogo. Wenye mrija kwenye ateri ya kitovu wanapata jibu bora, mradi kipima-presha kiwe usawa wa moyo, mstari wa kati wa kwapa. Kikishuka chini ya usawa huo namba inapanda kwa uongo. Wimbi likiwa bapa, tafuta povu la hewa, damu iliyoganda au mrija uliojikunja kabla ya kubadili dawa. Na vidole vya miguu vikipauka au kuwa vyeusi baada ya mrija kuwekwa, mwite daktari papo hapo. Kwa kawaida mrija hutolewa.

Oksimita inaweza kusaidia zaidi ya kusoma oksijeni?

Inaweza, na hapa ndipo vifaa vilivyopo vinapotumika nusu tu. Oksimita nyingi za kisasa huonyesha kipimo cha nguvu ya mapigo, herufi PI. Kwa wachanga wazima waliotimiza miezi tisa ya ujauzito, katikati ya wigo ni kama 1.7, chini ya 0.7 ni wachache. Mtoto aliyekuwa 1.9 asubuhi na sasa ni 0.6, sensa ikiwa imekaa vizuri na mguu una joto, mishipa yake inabanwa. Usilinganishe mtoto na jirani yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe.

Pima pia sehemu mbili: mkono wa kulia, kisha mguu wowote. Tofauti inayozidi 3% irudiwe baada ya muda mfupi. Ikifika 10%, mguu ukiwa chini, damu isiyo na oksijeni inapita kwenye daktasi (mshipa unaounganisha ateri ya mapafu na aota, ambao hufunga baada ya kuzaliwa) kwenda sehemu ya chini ya mwili. Fikiria presha ya mapafu iliyogoma kushuka baada ya kuzaliwa, au aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, iliyobanwa.

Sensa iliyokazwa sana hupunguza PI na huumiza ngozi. Ihamishe kila saa 3 au 4, na uifunike kwa kitambaa mtoto akiwa chini ya taa ya bluu.

Nepi ninazipimaje?

Pima nepi kavu kwanza na uandike uzito juu yake kwa kalamu. Baada ya mtoto kukojoa, pima tena. Gramu 1 ni mililita 1. Gawanya jumla kwa kilo za mtoto, kisha kwa saa. Mtoto wa kilo 2.4 aliyekojoa gramu 12 ndani ya saa 6: 12 ÷ 2.4 ÷ 6 = 0.8. Chini ya 1 ml kwa kilo kwa saa, baada ya saa 24 za kwanza za maisha, ni kidogo.

Nepi ikikaa wazi chini ya hita, mkojo hukauka na hesabu inapungua. Sukari ikiwa juu sana, mtoto atakojoa hata akiwa kwenye mshtuko. Na mtoto aliyezaliwa amechoka anaweza kukosa mkojo kwa kuwa figo zimeumia, mzunguko ukiwa sawa. Kumpa maji mengi kunamvimbisha mwili na mapafu. Ndiyo sababu mkojo pekee hauanzishi dripu ya haraka.

Lakteti ina faida gani kama hospitali ina kipimo?

Inakupa kitu ambacho macho hayaoni. Zaidi ya 4 mmol/l baada ya saa za mwanzo za maisha inahitaji maelezo. Mtoto aliyezaliwa amechoka anaweza kuanza na 10 au zaidi; kwake swali ni kama inashuka. Rudia baada ya saa 4 hivi. Iliyokwama au inayopanda licha ya matibabu ina maana chanzo hakijapatikana.

Damu ya kisiginoni ikichukuliwa kwenye mguu wa baridi na kwa kukamua, jibu hupanda kwa uongo. Pasha kisigino joto kwanza. Na usichukue damu ovyo: njiti wa kilo 1 ana mililita 90 hadi 100 za damu mwilini, hivyo kila sampuli ya 2 ml ni asilimia 2 ya damu yake yote.

Nitajuaje ni mshtuko wa aina gani?

Historia ya kujifungua hutoa nusu ya jibu. Hapa chini ni yale yanayopotea zaidi.

*Upungufu wa damu.* Mtoto wa kilo 2.8 ana damu kama 225 hadi 250 ml. Akipoteza 60 ml, vijiko vinne vya chakula, ameondokewa na robo. Fungua nepi na blanketi uangalie klampu ya kitovu. Kwa mtoto aliyevutwa kwa vakyumu, shika kichwa: uvimbe laini unaotembea, unaovuka viungo vya mifupa ya fuvu na kusukuma masikio mbele, ni damu chini ya ngozi ya kichwa. Pima mzingo wa kichwa kila saa. Sentimita 1 iliyoongezeka inakadiriwa kuwa kama 40 ml za damu. Hb (kiwango cha himoglobini) ya mapema inadanganya hapa, kwa kuwa damu iliyobaki bado haijachanganyika na maji. Hb 15 saa moja baada ya kuzaliwa haimaanishi mtoto hajavuja.

*Maambukizi.* Kundi kubwa kuliko yote baada ya siku ya kwanza. Joto linaweza kuwa juu, chini, au la kawaida.

*Moyo.* Misuli iliyokosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, au hitilafu ya kuzaliwa nayo. Ini ndilo linalokueleza: weka alama ya kalamu kwenye ukingo wake, kawaida ni sm 1 hadi 2 chini ya mbavu, na likishuka hadi 3 au 4 baada ya dripu, moyo umeshindwa kubeba maji uliyompa. Mtoto aliyeruhusiwa mzima akarudi siku ya 5 au ya 10 akiwa kijivu, shika kinena. Mapigo ya kinena yasipopatikana huku ya mkono wa kulia yapo, au presha ya mkono ikizidi ya mguu kwa 20, daktasi imefunga na aota imebanwa. Anahitaji prostaglandini (0.01–0.05 mcg/kg/dakika, hadi 0.1 kwa aliyeanguka kabisa), na ambu iwe tayari kitandani kwa sababu dawa hiyo husimamisha pumzi.

*Kitu kinachozuia damu kurudi kwenye moyo.* Hewa iliyobana kifuani ndiyo ya kwanza: kuanguka ghafla kwa mtoto aliye kwenye CPAP (mashine ya kusukuma hewa puani) au anayepigwa ambu, upande mmoja wa kifua umeinuka na hauleti sauti. Dripu haimponyi huyo. Hewa itolewe.

Wa mwisho ni nadra lakini hupona akifikiriwa: wiki ya pili, anatapika, sodiamu chini, potasiamu juu, pengine sehemu za siri zisizoeleweka. Tezi zake za adrenali hazifanyi kazi, na dawa ni hidrokotisoni pamoja na maji ya chumvi.

Nimegundua dalili mbili au tatu. Saa ya kwanza nifanye nini?

Ita msaada, kisha njia ya hewa na pumzi. Oksijeni ya kutosha kufikisha 90–95% kwa njiti, si zaidi. Joto. Sukari papo hapo: chini ya 2.5 mmol/l (45 mg/dl), toa dekstrosi 10% 2 ml kwa kilo polepole kwenye mshipa, halafu dripu ya kuendelea ili isishuke tena.

Kanula, ikishindikana mara mbili, mshipa wa vena ya kitovu unafunguka vizuri wiki ya kwanza, na sindano ya mfupa ni njia halali. Chukua damu ya kuotesha vijidudu, 1 ml inatosha, na antibayotiki zianze ndani ya saa moja. Kuotesha kukichelewa, dawa zisisubiri.

Kama kuna dalili za kupungukiwa damu au maji, na ini halijashuka, maji ya chumvi 0.9% au Ringer, 10 ml kwa kilo, kwa dakika 10 hadi 20. Kwa njiti ipeleke dakika 30 au zaidi, kwa kuwa mishipa ya ubongo wake hupasuka damu ikipanda kwa ghafla. Pima kwa sirinji, usiachie chupa ya dripu ikimbie. Kwa anayevuja damu, damu yenyewe ndiyo dawa: 10 hadi 20 ml kwa kilo, kundi O hasi ikiwa hakuna muda wa kulinganisha. Dekstrosi isitumike kamwe kama dripu ya haraka ya kujaza mishipa.

Simamisha maziwa kwa muda, maana utumbo usio na damu ya kutosha huoza kirahisi ukilishwa.

Nirudie dripu ya haraka mara ngapi?

Kila baada ya 10 ml kwa kilo, rudi kwenye orodha yote: mapigo, ngozi, miguu, pumzi, ini. Amepata nafuu bila ini kukua, na bado hajafika? Unaweza kurudia mara moja. Mapigo yamepanda, anaguna, oksijeni inashuka, ini limevuka alama ya kalamu? Acha hapo. Baada ya 20 ml kwa kilo bila nafuu, anahitaji dawa ya kusaidia moyo na mishipa, na anahitaji mtu afikirie upya chanzo.

Wapo wanaouliza kuhusu utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu, waliopewa dripu za haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48 (10.6% waliopewa albumini, 10.5% waliopewa maji ya chumvi) kuliko wasiopewa (7.3%). Watoto hao walikuwa wa siku 60 hadi miaka 12, wachanga hawakuwamo, kwa hiyo namba zake hazihamishwi moja kwa moja. Ila umefanya watu wengi waache kumwagia maji kila mtoto mwenye miguu ya baridi, na hilo tunaliona ni jema hata wodini kwetu.

Dopamini na adrenalini zinachanganywaje bila kukosea?

Kwa sirinji ya 50 ml: miligramu za kuweka = 3 × kilo × dozi (mcg/kg/dakika) ÷ mwendo unaotaka (ml kwa saa). Mtoto wa kilo 3, dopamini 10, pampu iende 1 ml kwa saa: 3 × 3 × 10 ÷ 1 = mg 90, jaza hadi 50 ml. Sasa 0.5 ml kwa saa ni dozi ya 5. Watu wawili wafanye hesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.

Dopamini huanza 5 na kupanda hadi 10, adrenalini 0.05 hadi 0.3, dobutamini 5 hadi 15 pale misuli ya moyo inapokuwa dhaifu. Dawa hizi huisha mwilini ndani ya dakika chache, kwa hiyo sirinji mpya iandaliwe kabla ya ya zamani kwisha. Usisukume kitu kingine kwenye mrija huohuo: unampiga mtoto dozi yote iliyomo njiani. Sodiamu baikaboneti huziua. Kanula ya mkononi ikaguliwe kila saa. Ngozi ikipauka kufuata mshipa, hamisha dawa mahali pengine haraka.

Vipi kuhusu mwangwi wa moyo na vipimo vya oksijeni ya ubongo?

Mwangwi wa moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ukiwepo, unatatua ubishi mwingi kati ya “mpe maji” na “mpe dawa”. Vipimo vya oksijeni ya ubongo kwa mwanga ni vizuri kinadharia, lakini utafiti mkubwa wa njiti 1,601 wa chini ya wiki 28, uliochapishwa 2023, haukupata kwamba matibabu yaliyoongozwa navyo yanapunguza vifo au majeraha makubwa ya ubongo. Hospitali isiyo navyo isijihisi imepungukiwa na cha lazima.

Mimi ni mama. Kwa nini mwanangu anabonyezwa kifua kila saa, na naweza kumshika?

Anabonyezwa ili kuona damu inarudi haraka kiasi gani, haimuumizi. Wakati anapewa dripu na dawa za dharura, mguse mkono au kichwa, usimnyanyue. Akishatulia, kangaruu (kumbeba ngozi kwa ngozi) inarudi, na inamsaidia kutunza joto. Endelea kukamua maziwa kila saa 3 hata kama hanyweshwi bado.

Na ukiona hanyonyi kama jana, analia kwa sauti dhaifu au ameacha kukushika kidole, sema, hata kama mashine haijalia. Kwa wauguzi: maneno hayo yaandikwe kwenye chati pamoja na saa, kisha mtoto apimwe kamili.

Akipewa rufaa, barua iwe na nini?

Saa dalili ya kwanza ilipoonekana, na ilikuwa ipi. Namba za saa sita za mwisho kwa mfuatano, siyo zile za mwisho tu. Jumla ya ml kwa kilo alizopewa na alivyoitikia kila mara. Dawa, dozi, saa, na hesabu ya sirinji inayokwenda naye. Mapigo ya kinena: yapo au hayapo. Kundi la damu la mama, na sampuli ya damu yake ya kulinganisha ikiwezekana. Alama ya ini ibaki kwenye ngozi, isifutwe.

Kabla gari halijaondoka, sukari ipimwe tena, kanula ya pili iwekwe, pampu ichajiwe na sirinji ya akiba iandaliwe. Anayesindikiza apime mapigo, ngozi na oksijeni kila dakika 15 njiani, akiwa na ambu mkononi.